Tupeane uzoefu: Mwalimu aliyekuacha ugundue mwenyewe, na aliyekwambia "futa, andika cha kitabuni"

Mama wa Njombe
Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu yuko kidato cha pili, shule moja ya huku kwetu. Jana karudi na daftari la fizikia limejaa wino mwekundu. Walichemsha maji, wakasoma thamometa, kundi lao likapata nyuzi 93. Wakarudia, ikaja ileile 93. Mwalimu akapiga mkasi, akaandika 100.
Sisi tunaoishi huku tunajua maharage yanavyogoma kuiva. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi, maji yanachemka kwa joto lililopungua kama nyuzi moja. Watoto walipima vizuri kabisa! Wangeulizwa tu "mnadhani ni kwa nini?", kipindi kizima kingekuwa somo la kanieneo ya hewa, yaani hewa inavyokandamiza kidogo kadiri unavyopanda juu. Imeniuma sana. Nyie wenzangu yaliwakuta yapi darasani?

Kibwagizo
Mama umegusa penyewe.

Mzawa wa Lushoto
Mama, umenikumbusha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi Magamba Sekondari, huku kwetu Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndipo uweke kwenye friza. Nafasi ikawa inaisha, Mpemba akaweka yake ya moto hivyohivyo. Yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake hakuyachemsha. Akauliza, akaambiwa umechanganyikiwa.
Akaenda Mkwawa kule Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia nzima, na wenzake wakawa wanamtania kwa hilo kila akikosea. Hakunyamaza. Alipokuja Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, akasimama mbele ya shule nzima akauliza: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, friji moja, kwa nini ya moto yanawahi kuganda? Wanafunzi wakacheka. Osborne aliona haiwezekani, lakini akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Leo dunia nzima inaiita athari ya Mpemba.
Kitu ninachokipenda zaidi: fundi wa maabara kule Dar alipopewa kazi hiyo alirudi akasema kweli ya moto yameganda kwanza, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Ndiyo kalamu nyekundu ya kijana wako hiyo.

Nondo za Fizikia
Mkuu punguza sifa. Wapo wanasayansi waliorudia kwa uangalifu na hawakuona kitu. Inategemea thamometa umeiweka wapi, chombo gani, friza imeshika barafu kiasi gani. Msiwape watoto kama ukweli uliothibitishwa.

Mzawa wa Lushoto
Nani kasema umethibitishwa? Ninachosema ni kwamba swali la mwanafunzi wa Magamba limewafanya maprofesa wabishane zaidi ya nusu karne. Wewe swali lako lipi?

Nondo za Fizikia
Usinivunjie heshima, nafundisha kidato cha tano na sita. Na hayo niliyoyataja, chombo, friza, mahali pa kupimia, ndiyo nawafanyisha wanafunzi wangu. Kila kundi linabadilisha kimoja tu, mengine yanabaki vilevile.

Kibwagizo
Sasa mnabishana nini wakati mnasema kitu kimoja?

Mwl. wa Pembezoni
Mimi nina darasa la watoto zaidi ya tisini. Hatuna maabara, tuna chumba kinachoitwa maabara. Mada ya pendulamu nilikata uzi wa kushonea, kila kundi likatafuta jiwe lake. Nikauliza kabla: jiwe zito na jepesi, lipi litabembea haraka? Karibu wote wakasema zito. Nikawaachia. Kundi la nyuma likaanza kugombana na la mbele, kila mmoja anasema mwenzake kahesabu vibaya. Binti mmoja ambaye huwa haongei kabisa akasema, "Kaka, nyuzi zenu hazilingani." Wakazilinganisha. Majibu yakaja sawa, mazito kwa mepesi. Nikakaa kimya, wakafika wenyewe kwamba kinachobadilisha ni urefu. Ukiwa na uzi wa mita moja, kwenda na kurudi ni kama sekunde 2, jiwe liwe lolote.
Binti yule sasa anauliza kila kipindi. Lakini kwa mtaaluma, msimamizi wa masomo shuleni, nimeitwa: azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, limechelewa.

Mtaaluma Mstaafu
Mwalimu, na mtaaluma wako yuko sahihi. Mtihani wa taifa hausubiri binti agundue. Maliza mada kwanza, ugunduzi fanyeni jioni. Nimeona madarasa ya "mbinu shirikishi" ambako watoto wamekaa duara, mmoja anaandika, wengine wanapiga soga, kengele inalia hakuna aliyejua kitu.

Mama Chausiku
Baba, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Duara siyo ugunduzi. Na tatizo kubwa hamlitaji: mtoto wa darasa la saba anauliza kwa Kiswahili mpaka unachoka. Akiingia kidato cha kwanza, kila kitu Kiingereza, anakuwa bubu. Utamdaije ahoji wakati hana maneno ya kuhojia? Mimi nawaachia wabishane kwa Kiswahili, tukifika kwenye kuandika ripoti ndipo tunahamia Kiingereza. Mdhibiti ubora akija atanikuta hivyohivyo.

Shemeji wa Kitale
Huku Kenya na CBC yetu, mtaala wa umilisi, mtoto anatumwa nyumbani "akagundue", halafu mzazi ndiye anahangaika usiku kutafuta vifaa na kutengeneza mradi. Ugunduzi ufanyike shuleni, na mwalimu akiwepo!

Kovu la Biolojia
Nimesoma uzi huu nikasema leo niandike.
Tulikuwa kidato cha pili, jaribio la kutafuta wanga kwenye jani. Mwalimu akasema leo siwaelekezi, gundueni wenyewe namna ya kutoa ule ukijani. Akatuachia majani ya mhogo, spiriti, iodini na majiko ya mafuta ya taa, akatoka kwenda ofisini. Kundi letu likamimina spiriti kwenye kopo la bati na kuliweka moja kwa moja juu ya jiko. Ilishika moto na hatukujua, maana mwanga wa dirishani ulikuwa mkali na moto wa spiriti hauonekani mchana. Rafiki yangu akaona kopo limepungua, akaongeza kutoka kwenye chupa. Moto ukapanda mpaka kwenye chupa mkononi mwake.
Sauti ile bado naisikia. Wavulana wakakimbilia mlangoni. Mimi nikamvuta, sweta lake limeshika, nikalisukumia chini na kumfunika na gunia la mlangoni. Mkono wangu wa kushoto una kovu mpaka leo. Yeye alikaa hospitali muda mrefu na hakurudi shuleni kwetu. Kuna mtu akatupaka dawa ya meno, ngozi ikatoka nayo walipotusafisha.
Shule ikaandika kwamba wanafunzi walichezea vifaa.

Mama wa Njombe
Pole sana mwanangu. Pole sana.

Mtaaluma Mstaafu
Mmeona sasa? Ndiyo maana nasema.

Mama Chausiku
Hapana baba. Mwalimu aliondoka! Huo ni utelekezaji, usiupe jina la ugunduzi. Spiriti inachemka kwenye nyuzi 78, haihitaji moto kabisa. Chemsha maji, zima jiko, ndipo tumbukiza kikombe cha spiriti ndani ya maji yale ya moto. Hilo halihitaji kugunduliwa na mtoto, anaambiwa kabla. Cha kumwachia ni jani: sehemu uliyoifunika kwa karatasi ya aluminiamu na uliyoiacha juani, kwa nini moja imegeuka bluu-nyeusi na nyingine haikugeuka?

Muuguzi wa Zamu
Na ukiungua ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Siyo dawa ya meno, siyo yai, siyo barafu.

Kovu la Biolojia
Asanteni. Kwa taarifa yenu nami ni mwalimu wa biolojia sasa. Jaribio hilo nalifanya kila mwaka, na ndoo ya mchanga iko miguuni pangu.

Mwl. wa Pembezoni
Hongera dada. Naomba niwasumbue wote: wiki ijayo nina mada ya umeme na sina betri. Mnafanyaje?

Nondo za Fizikia
Malimau. Msumari wa bati, ule wenye zinki, upande mmoja, kipande cha waya wa shaba upande wa pili. Limau moja halifiki hata volti 1. Usiwaambie. Wape taa ndogo ya LED nyekundu na malimau ya kutosha, waone wenyewe itawaka wakiunganisha mangapi.

Mtaaluma Mstaafu
Na azimio la kazi ulimalize, mwalimu.