Meno ya mama yanaoza chini karibu na fizi, yang'olewe au kuna namna?

Kitindamimba:
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana nimechanganyikiwa. Mama yangu ana miaka 66, meno yake ukiyaangalia kwa juu hayana tundu hata moja, ila fizi zimerudi nyuma mpaka meno yanaonekana marefu, na pale jino linapoingia kwenye fizi kuna vijishimo vya kahawia. Akipitisha kucha inanasa, akinywa kitu cha baridi anashika shavu. Usiku analala vizuri tu. Daktari mmoja alimwangalia chapchap akasema manne yang'olewe, mama kakataa na hataki tena kusikia habari za daktari wa meno. Na anapiga mswaki asubuhi na jioni, tena kwa nguvu! Sasa kuoza kumetoka wapi?

Magego:
Pole mkuu, na mpe pole mama. Kazi yangu ni meno. Huo ni mzizi unaoza. Jino kwa juu lina ganda gumu la enameli, mzizi hauna, umefunikwa na tabaka jembamba sana halafu ni dentini, yaani ile sehemu ya ndani ya jino iliyo laini kuliko enameli, fizi ndo inausitiri, ikirudi nyuma mzizi unabaki uchi. Enameli inaanza kuyeyuka pH ya mdomo (kipimo cha asidi, namba ikishuka ndo asidi inazidi) ikishuka kwenye 5.5 hivi, mzizi unaanza mapema, kati ya 6.2 na 6.7, kwa hiyo asidi kidogo tu inatosha kuula. Na huo mswaki wa nguvu nao unachangia kusukuma fizi. Je kuna dawa anameza kila siku? Mdomo unamkauka?

Kitindamimba:
Anameza za presha na za mzio, miaka mingi sasa. Mdomo unakauka sana, usiku anaamka kunywa maji, mchana ana pipi zake kwenye mkoba anamung'unya moja baada ya nyingine kutwa nzima ili apate mate

Magego:
Basi hapo hapo. Dawa nyingi za presha na mzio zinakausha mate, na mate ndo yanayopunguza asidi na kurudishia jino madini. Kila pipi bakteria wanaigeuza asidi, kabla haijaisha anaweka nyingine, mzizi haupati hata nafasi. Pipi ziishe kabisa, achukue chingamu isiyo na sukari na awe anapiga funda la maji mara kwa mara. Dawa za presha ASIACHE, amuulize daktari aliyemwandikia kama zinabadilishika.

Bibi Shamba:
Asugue na unga wa mkaa na ndimu, vinakauka hivyo vijishimo

Magego:
Hapana mama yangu, naomba usimpe mtu ushauri huo. Ndimu ni asidi na mkaa unakwangua, mzizi ni laini, utakwisha.

Mtu wa Pwani:
Mimi nilipigwa mionzi ya shingo mate yakakata, mizizi ikaanza kuoza mfululizo. Nilipakwa ile dawa ya maji yenye fedha na floraidi, haina sindano wala kuchongwa, dakika chache tu, kuoza kukasimama. Pale palipooza panakuwa peusi tii na weusi hautoki, mi nilikubali kwa sababu ni meno ya nyuma.

Magego:
Kweli kabisa, inasaidia sana wazee. Kitindamimba, siyo kila shimo la mzizi ni la kung'oa au kuziba. Likiwa laini na la njano njano bado linakula, likiwa gumu, jeusi na linang'aa mara nyingi limeshasimama. La juu juu linapakwa floraidi, lililochimbika linazibwa, na kama limefika kwenye mshipa anatibiwa mzizi. Jino likilegea sana au likibaki kipande ndo tunazungumza kung'oa. Aombe dawa ya meno ya floraidi 5,000 ppm (ppm ni kipimo cha wingi wa floraidi, kinaandikwa kwenye boksi), hiyo inaandikwa na daktari, za kawaida nyingi zinaishia 1,450 hivi. Mswaki laini, ashike kama anashika kalamu, akimaliza ateme tu asisukutue na maji.

Kitindamimba:
Nimemuonyesha haya yote, pipi kanikabidhi mwenyewe. Amekubali kwenda kwa daktari mwingine Jumatatu ila kasema niingie naye mpaka ndani. Kusukutua ndo bado anabisha, anasema mdomo unabaki na povu

Magego:
Ateme mara tatu nne hivi, povu litapungua. Jumatatu ukitoka humo ndani rudi hapa utuambie mangapi ni laini na mangapi ni magumu.