Wobble kwa Kiswahili ni nini hasa, na hilo neno limetoka wapi?

fundi_igoma: Wakuu habari za jioni, mimi ni fundi baiskeli na pikipiki hapa Igoma Mwanza. Nimekuwa naangalia video za fundi mmoja wa Uingereza, kila saa anasema wheel wobble, nikamuuliza jamaa akasema ni kutetemeka. Mi naona hapana, kutetemeka ni harakaharaka kama mtu mwenye homa, ila hili gurudumu linaenda kushoto linarudi kulia unaliona kabisa kwa macho. Mwenye uelewa wa neno lenyewe na asili yake anisaidie.

mwl_nyakato: Uko sahihi mkuu. Wobble ni kwenda upande huu na kurudi upande ule bila kutulia, yani kuyumba. Kwenye Kiingereza limeonekana tangu karne ya 17, na zamani waliliandika wabble, kwa a. Linahusiana na wabbeln ya Kijerumani cha kaskazini na vafla ya Kinodiki cha kale, lugha ya zamani ya watu wa Skandinavia, tena lina undugu na wave ya kupunga mkono. Na hapa ndipo panaponifurahisha, ile -le ya mwishoni inaonyesha kitendo kinajirudia. Waddle, mwendo wa bata, imetoka kwa wade ambayo ni kutembea ndani ya maji. Sisi kazi hiyohiyo tunaifanya kwa kurudia neno, yumbayumba, sukasuka, lewalewa, kwahiyo wobble ukiitafsiri vizuri kabisa ni kuyumbayumba.

wa_kamanga: Huku ziwani ni kuyumba tu. Mtumbwi ukipigwa na wimbi ubavuni unayumba, halafu mtu akipaniki akasimama ndo unazidi, kaeni chini jamani. Mlevi yeye anapepesuka.

fundi_igoma: Asanteni sana, mwalimu umenifungua. Maana sisi mafundi kila kitu tunasema linacheza, kumbe ni vitu viwili. Beringi ikilika gurudumu linacheza, ukilishika kwa mkono ukalisukuma unasikia kabisa limelegea. Ila ringi ikipinda, au spoki zikilegea upande mmoja zile za upande wa pili zikaivuta, hapo ukilizungusha linayumbayumba hata kama beringi ni mpya. Kuna mteja nilimbadilishia beringi akarudi analalamika bado linacheza, kesho namwita nikaze spoki, hiyo kazi simchaji.