Pumu ya mtoto: vidonge vya salbutamol au pampu?

MamaNjombe: Wakuu, naombeni uzoefu wenu. Binti yangu ana miaka 9, na baridi hii ya Julai kifua kinambana karibu kila usiku, kinapiga filimbi mpaka namsikia nikiwa chumba cha pili. Duka la dawa wananiuzia vidonge vya salbutamol vya mg 4, nampa nusu. Kinaachia, ila mikono inamtetemeka hata kikombe cha uji hakishiki vizuri, na moyo unamwenda mbio. Kliniki wamesema ninunue pampu. Bei imenishtua, halafu mama mkwe anasema ukianza pampu hutoki.

Kifua_Chuma: Vidonge nimemeza miaka kumi na bado nipo. Pampu nilijaribu, naona kama napuliza hewa tu.

MfamasiaMtaani: Mkuu, dawa yako ilikuwa inaishia kooni. Ulitikisa kwanza? Ulitoa pumzi yote, ukabonyeza huku unavuta polepole, ukabana pumzi mpaka kuhesabu kumi? Wengi hawaonyeshwi.

Dada, mpulizo mmoja wa pampu ya kawaida ni mikrogramu 100. Nusu ya kidonge chako ni mikrogramu 2,000, sawa na mipulizo 20 kwa mkupuo, tena inazunguka mwili mzima. Mtetemeko unatoka hapo. Pampu inapeleka dawa kwenye mapafu moja kwa moja na kifua kinaanza kufunguka ndani ya dakika chache. Kidonge utasubiri nusu saa au zaidi. Bei igawe kwa mipulizo 200. Na uraibu hakuna. Anayeirudia kila siku ni kwamba pumu yake haijadhibitiwa.

Kifua_Chuma: Sikubana pumzi, nakiri. Na aminofilini je, ile dawa nyingine ya pumu? Ile ni nafuu kabisa.

MfamasiaMtaani: Nafuu mpaka ikuzidie. Kipimo kinachosaidia na kinachodhuru vimekaribiana mno: unatapika, moyo unapiga ovyo, hata degedege. Ukiandikiwa antibiotiki kama erithromaisini au siprofloksasini juu yake, aminofilini inapanda kwenye damu. Na mwenye pumu akipewa propranolol ya presha, aseme mapema ana pumu, maana inaweza kubana mirija ya hewa.

Shangazi_wa_Iringa: Mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, ndiyo maana sisi tunatumia chupa. Chukua ya maji ya ml 500, ioshe kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kufuta. Toboa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, uchomeke hapo. Yeye anapumulia mdomo wa chupa. Mpulizo mmoja, anavuta pumzi mara tano au sita, unatikisa pampu, ndipo unafuata mwingine. Usibonyeze miwili pamoja.

Nilishalazwa: Mnabishania njia tu, dawa ni ileile ya kufungua kifua! Mimi nilikuwa namaliza pampu ya salbutamol kila mwezi najisifu naijua pumu yangu, mpaka nikaamkia kwenye oksijeni. Tangu 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa pumu, hautaki mtu mzima wala kijana atibiwe kwa salbutamol peke yake. Na mtoto anayebanwa kila usiku anahitaji pampu ya kinga pia, ya steroidi inayotuliza uvimbe kwenye njia ya hewa, kila siku hata akiwa mzima. Kisha asukutue na kutema, asiote fangasi mdomoni. Muulize daktari hilo, dada, wiki hii.

Na siku akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani au midomo ikibadilika rangi, usisubiri kuche. Nenda hospitali huku unaendelea kumpulizia salbutamol njiani.

MamaNjombe: Asanteni sana. Miadi ni Alhamisi. Chupa nimetoboa kwa msumari wa moto, tundu limezidi kidogo, naona mvuke wa dawa unatokea pembeni.

Shangazi_wa_Iringa: Zungushia plasta mwanya uzibe. Ikivuja bado, tupa utoboe nyingine.