Kiporo cha Idi kimejaa friji, pilau, rosti, kuku na chapati, nipeni mawazo nigeuze iwe chakula kingine

mama_pacha_mbagala
Assalam alaykum wapendwa, na wasio Waislamu mkono wa Idi pia. Jamani naombeni mawazo ya haraka. Jana Idi ya kuchinja ukoo wote ulikuwa uje kwangu, nikapika kwa hesabu hiyo, halafu gari ya shemeji zangu wa Morogoro ikaharibika Chalinze wakarudi kwao. Nimebaki na pilau la ng'ombe zaidi ya nusu sufuria, rosti ya mbuzi, kuku wa kuchoma, wali mweupe wa nazi (wazee hawataki pilau), chapati na bakuli la kachumbari. Majirani nimewapelekea tangu jana mchana na wao wamerudisha sahani zikiwa na pilau la kwao, mnajua ilivyo, sahani ya jirani hairudi tupu. Kwa hiyo pilau ndio kwanza limeongezeka 😭

Watoto leo asubuhi wameshaanza "mama pilau tena?". Kumwaga siwezi kabisa, moyo unaniuma na bei ya nyama tunaijua. Friji yangu ni ile ya mlango mmoja, sehemu ya barafu ndogo na tayari ina nyama mbichi ya udhiya, yaani mnyama tuliyemchinja kwa Idi. Sitaki kuambiwa pasha ule, nataka kiwe chakula kingine kabisa mtoto asijue kilitokea wapi. Karibuni.

binti_mji_wa_kale
Mama pacha Idi mubarak dadangu. Hapa Mombasa siku ya pili ya Idi ndio siku ya katlesi na sambusa, wallahi watu husubiri hiyo kuliko pilau lenyewe.

Anza na rosti. Itoe mifupa, nyama uichambue kwa mkono iwe nyuzi nyuzi usiikatekate kwa kisu, rudisha kwenye sufuria na mchuzi kidogo moto mdogo mpaka ikauke kabisaa, ukiegemeza sufuria usione mchuzi unatiririka. Hapo ndio penye siri, maana nyama ikibaki na maji katlesi zinapasukia kwenye mafuta na sambusa zinalegea. Ikishakauka tia pilipili mbichi, kotmiri nyingi, kitunguu kibichi ulichokikata kidogo kidogo na kukikamua maji, maliza na ndimu. Rosti tayari ina thomu na tangawizi zake na bizari imeshaingia ndani usiku kucha, kwa hivyo usiongeze viungo vingine utaharibu.

Sasa hiyo nyama igawe mara mbili. Nusu changanya na viazi mbatata ulivyochemsha ukaviponda vikiwa bado vya moto, fanya madonge, yabane yawe bapa, chovya kwenye yai lililopigwa, kaanga. Hizo ndizo katlesi. Nusu nyingine tia kwenye manda za sambusa, kama hutaki kusukuma manda za tayari zinauzwa. Na sambusa si lazima ukaange zote leo, zifunge zikiwa mbichi, zipange kwenye kopo na unga kidogo katikati zisigandane, weka kwenye barafu.

Kuku wa kuchoma usimpashe hivyo hivyo atakuwa mkavu kama ubao. Tengeneza sosi ya kupaka: tui zito, nyanya ya kusaga, thomu, tangawizi, pilipili, bizari kidogo, ikishachemka ikawa nzito mtumbukize kuku humo na mfinyie ndimu. Kuku wa kupaka anaanzia kwenye moto wa makaa, na wako ameshapita hapo, kwa hivyo kazi nusu ushaimaliza.

mkuu_wa_misosi
Pilau kaanga na mayai. Kitunguu, hoho, karoti, mafuta kidogo sana maana pilau lina mafuta yake, tia pilau likiwa la baridi kutoka kwenye friji linachambuka vizuri, sukuma pembeni pasua mayai katikati changanya. Dakika kumi umemaliza. Ila toa karafuu na vijiti vya mdalasini kwanza, mtoto akiitafuna karafuu hali tena.

kiporo_asilia
Mnahangaika bure na mafriji. Kwetu tumekua pilau linafunikwa na sinia juu linaachwa hapo hapo jikoni, asubuhi mama anapasha na ukoko wake tunakula na chai ya rangi, hakuna aliyeugua. Kiporo ni kiporo, kikiwekwa kwenye friji kinapoteza ladha.

nesi_wa_zamu
@kiporo_asilia kaka nakuheshimu na huo ukoko na chai ya rangi hata mimi naupenda, ila hili la kuacha wali jikoni usiku kucha naomba nilisemee kwa sababu baada ya sikukuu watu wanakuja zahanati wanatapika na wanasema "lakini nilipasha mpaka likachemka".

Kwenye mchele kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi wakati wa kupika. Wali ukikaa kwenye uvuguvugu masaa mengi zile mbegu zinaamka, zinazaana, na aina nyingine zinaacha sumu ndani ya chakula. Hiyo sumu ndio tatizo, ukipasha bakteria wanakufa lakini sumu inabaki pale pale. Ndio maana kupasha sana hakuokoi wali uliolala jikoni, na wala hauna harufu ya kukuonya. Kwenu zamani inawezekana chakula kilikuwa kidogo na kinapikwa usiku sana kinaliwa alfajiri, sasa sufuria la Idi limepikwa saa nne asubuhi na mpaka kesho yake lipo tu, na joto letu hili la Dar.

Na sufuria kubwa lina ubaya wake. Juu utagusa utaona limepoa, katikati bado lina joto masaa na masaa. Kwa hiyo watu wakishakula tu, mwaga pilau kwenye masinia mawili matatu litandaze liwe jembamba, likishapoa ligawe kwenye makopo madogo na liingie friji ndani ya masaa mawili. Usiingize sufuria zima la moto, linapasha na vingine vyote vilivyomo. Ukipasha toa kinacholiwa wakati huo tu, kitoe mvuke mpaka katikati, na kikishapashwa kisirudi tena. Kwenye friji siku tatu, nne mwisho, zaidi ya hapo kiwe kwenye barafu.

Mama pacha lako liliingia friji saa ngapi? Na yale ya majirani je?

mama_pacha_mbagala
Nesi asante sana, langu nililigawa kwenye makopo ya aiskrimu jana hiyo hiyo baada ya wageni kula, hilo mama yangu alinifundisha. Ya majirani yaliyokuja mchana yamekaa mezani mpaka usiku, sijui yametoka jikoni kwao saa ngapi.

Binti wa Mji wa Kale umeniweza, rosti naanza nayo sasa hivi. Ila wali wa nazi mmeusahau, na chapati. Na umeme wa huku ukikatika inakuwaje?

nesi_wa_zamu
Ya majirani yaliyokaa mezani mpaka usiku hayo mama samahani, usiwape watoto. Najua inauma.

Umeme ukikatika usifungue friji. Ikiwa imefungwa muda wote inavumilia kama masaa manne hivi, sehemu ya barafu ikiwa imejaa inavumilia zaidi. Jaza chupa za maji zigande humo, zinasaidia kushika ubaridi.

mtu_wa_unguja_muscat
Idi mubarak nyote. Mie nipo Muscat lakini jikoni kwangu bado ni Unguja. Huku Idi ina ratiba yake ya nyama, watu wana siku ya mishkaki na siku ya shuwa, ile nyama inayofungwa kwenye majani ya mgomba ikafukiwa kwenye shimo la moto siku nzima au mbili. Ikibaki inachambuliwa inatiwa ndani ya khubz rakhal, ule mkate mwembamba kama karatasi, na pilipili ya ndimu. Wewe chapati unazo, nyama unayo, basi pasha chapati kwenye kikaango kikavu, tia nyama na ile kachumbari yako uliyoichuja maji, kunja.

Wali wa nazi usiuguse kwa kingine chochote, huo ni wa vitumbua. Loweka mchele mbichi vikombe viwili usiku kucha, asubuhi umwage maji, tia kwenye blenda na tui zito, kikombe kimoja cha wali wako, iliki na hamira kijiko kimoja kidogo cha chai. Saga mpaka ukiupapasa kwa vidole usisikie chenga. Tui litie kidogo kidogo, uji uwe mzito wa kumiminika, ukiwa mwepesi vitumbua vinakunywa mafuta. Uache uumuke mpaka uone mapovu juu, ndipo utie sukari, uchome. Ule wali uliopikwa ndio unaofanya kitumbua kiwe laini ndani na kisikauke kikipoa, wauzaji wengi wanautia wala hawasemi. Kama umeupika na chumvi nyingi punguza wali, basi.

Na ukishakaanga zile katlesi za huyo dada wa Mombasa, usiache kupika urojo jioni. Maji na bizari ya manjano, embe mbichi au ukwaju, unga wa ngano uliokorogwa na maji baridi, chumvi, uchemke uwe kama uji mwepesi. Kwenye bakuli unatia kiazi, katlesi uliyoivunja, nyama, yai, bajia kama zipo, chatne ya nazi na pilipili. Bakuli la urojo linameza kila kilichobaki jikoni na mtoto hatouliza kimetoka wapi.

chapo_nai
Nikiwa Nairobi naongea kuhusu chapati tu, hizo zingine mmeniacha mbali 🙌 Chapo za jana zinakuwa ngumu, usizipashe kavu. Lowesha mkono na maji, pangusa chapo pande zote mbili, weka kwenye pan moto wa chini na ufunike dakika moja, inarudi soft. Kama zimekauka kabisa zikate vipande virefu kama tambi, kaanga vitunguu, karoti, kabeji na hoho, ongeza nyama kama iko, tupia mayai mawili halafu chapo mwisho ndio zisigeuke uji. Ama ufanye ile ya Uganda, rolex, yai na kabeji na nyanya zinapikwa pamoja kama chapati, unaweka chapo juu yake ishikane, unageuza, unakunja. Watoto wangu wanabeba hiyo shule.

mama_pacha_mbagala
Jamani mbarikiwe. Swali la mwisho, nyama mbichi. Theluthi ya kugawa imeshagawiwa yote, lakini yetu ya nyumbani imejaa kwenye barafu hakuna hata nafasi ya hizo sambusa. Kuna namna ya kuhifadhi nje ya friji?

wa_isiolo
Iko dada, na ni ya siku nyingi. Huku kwetu kaskazini mwa Kenya watu wa mifugo wanafanya nyirinyiri. Chukua nyama nyekundu isiyo na mafuta wala mshipa, ikate vipande virefu vyembamba kama mkanda, tia chumvi, tundika kwenye kamba mahali pana upepo na jua, funika na neti nzi wasiguse. Ikishakauka nje ikawa kama ngozi, ikate tena vidogo vidogo sana kama punje za mahindi, kaanga kwenye mafuta mengi kwa moto wa polepole mpaka yale mapovu yaishe. Mapovu ni maji yanatoka, yakiisha ujue nyama imekauka mpaka ndani. Wengine wanaongeza iliki. Halafu tia kwenye chombo kikavu na mafuta yake, nyama yote izamie, funga. Inakaa miezi. Ukitaka kula unachota kwa kijiko kikavu, ukiingiza kijiko chenye maji umeharibu chombo kizima.

Lakini wewe uko pwani, hewa ina unyevu, nyama yako inaweza kuoza kabla ya kukauka. Kata nyembamba zaidi ya sisi, na siku ikiwa na mawingu usianike, tumia oveni moto wa chini mlango ukiwa wazi kidogo. Usifanye yote, fanya kilo moja kwanza uone.

binti_mji_wa_kale
Na mifupa mama pacha! Mifupa ndio inakula nafasi kwenye barafu. Toa yote leo, chemsha na tangawizi, thomu, pilipili manga na chumvi masaa mawili matatu, chuja. Rudisha supu motoni ipungue mpaka ibaki robo, mimina kwenye vile vitrei vya barafu. Vipande viwili vinatosha sufuria la maharage au mbaazi za nazi wiki ijayo.

mama_pacha_mbagala
Mifupa ipo jikoni tayari inachemka. Hiyo ya kukausha nitamwachia baba pacha, yeye ndiye mwenye neti ya kuku. @mtu_wa_unguja_muscat mchele wa vitumbua naloweka usiku, swali dogo tu, kama sina blenda mashine ya kusaga karanga ya jirani inafaa?

mtu_wa_unguja_muscat
Ioshe vizuri kwanza isibaki na mafuta ya karanga, halafu saga mchele wenyewe mara mbili na maji kidogo. Wali uponde mbali kwa mwiko na tui, uchanganye mwisho.