Mhasibu akipata kazi mamlaka ya kodi: apime nini kabla ya kusaini?

Hesabu_Safi aliuliza:
Habari wakuu. Mhasibu aliye kwenye kampuni binafsi akipewa nafasi ya uofisa kodi serikalini, aangalie nini? Habari za ajira ya kudumu na pensheni zinajulikana. Natafuta yale yasiyoandikwa kwenye tangazo la kazi.

Daftari_Kuu:
Mkuu, uliza kwanza idara. Ukaguzi na ukusanyaji wa madeni viko kwenye jengo moja lakini ni kazi mbili tofauti kabisa.

Ukaguzi ndiyo shule. Leo unafungua vitabu vya kiwanda, kesho vya mkandarasi, na baada ya miaka michache unajua kila sekta huficha wapi. Unalinganisha mauzo ya kwenye ritani (fomu ambazo mlipakodi hutangazia mauzo na kodi yake) za VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na yale ya ritani ya kodi ya mapato, kisha unayapitisha kwenye taarifa za benki. Siku ukiamua kuondoka, kampuni za ushauri wa kodi zitakugombania kwa ujuzi huo.

Ila tathmini mbovu, yaani hesabu ya kodi unayomdai mlipakodi, humrudia aliyeiandika. Kosa kubwa la maofisa wapya ni kuhesabu kila fedha iliyoingia benki kuwa mauzo, wakati humo mna mkopo, mtaji wa mwenye biashara, fedha aliyohamisha kutoka akaunti yake nyingine, na VAT yenyewe. Kiwango cha VAT kikiwa asilimia 20, mteja aliyelipa 120 amenunua bidhaa ya 100 tu. Usipoyatoa hayo, na usipoweka vielelezo kwenye jalada, pingamizi likija tathmini inaanguka.

Risiti_Mkononi:
Naongezea upande wa madeni, maana huko ndiko watu huchoka mapema. Lengo la makusanyo linatokana na bajeti ya serikali, kwa hiyo biashara zikidorora halishuki. Matokeo yake ofisa anamrudia yuleyule aliyesajiliwa na anayelipa, kwa kuwa anwani yake ipo na akaunti yake ya benki inajulikana. Kumsaka asiyesajiliwa kunachukua miezi na huenda kusilete kitu kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Kama jambo hilo litakukera, omba idara nyingine.

Huduma kwa mlipakodi nayo ina balaa lake: siku ya mwisho ya ritani watu wote wanaingia kwenye mfumo kwa pamoja, unaelemewa, na anayetukanwa ni wa dirishani.

Hesabu_Safi:
Asanteni. Vipi kuhusu mshahara, na kazi za pembeni?

Daftari_Kuu:
Tenganisha mshahara wa msingi na posho. Mara nyingi mafao hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo posho nene inapendeza leo lakini haikufuati ukistaafu. Uliza pia kama pensheni ni ya kuchangia, na nini kinatokea ukiacha kazi kabla ya kutimiza miaka inayotakiwa.

Kazi za pembeni, sahau kuandaa ritani za watu. Ni mgongano wa maslahi hata ukifanya bure kwa shemeji yako. Faili la ndugu likikuangukia, andika barua ya kujitoa kabla hujalifungua.

Kanuni_Ya_Tatu:
Na hapo kwenye kufungua faili, wengi hujiponza. Mifumo ya kisasa inaandika nani ameangalia taarifa za nani na saa ngapi. Kuchungulia mapato ya jirani bila kupangiwa kazi hiyo kunaweza kukufukuzisha, na katika nchi nyingi ni kosa la jinai.

Rushwa nayo haianzi na bahasha. Huanza na chakula cha mchana siku ya ukaguzi, halafu usafiri wa kurudi ofisini. Nenda wawili, kutana na mlipakodi ofisini kwake au kwenu, andika muhtasari wa kila kikao, na nyaraka zote zipokelewe kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili.

Kabla ya kusaini, omba kuonyeshwa kwa maandishi sera ya uhamisho, muda wa majaribio, tamko la mali (baadhi ya nchi linamhusu pia mwenzi wako), na kama kuna kipindi cha kungoja kabla ya kuruhusiwa kuwakilisha walipakodi ukishaondoka. Hicho cha mwisho ndicho kitakachoamua kama ule ujuzi wa ukaguzi utaweza kuuuza mara moja.