Mzee wa barza na SAFINA yake, leo kanimaliza!

Mnamjua. Simtaji, ni yuleyule anayesahihisha hata tangazo la msiba.

Usiku mvua imepiga, chumba changu huku Majengo maji magotini, godoro laelea, ndara zimetoka nje bila kuniaga. Subuhi naenda zangu barzani kutuliza moyo kwa kahawa chungu, nasema, "Jamani, nyumba imegharika." Kikombe hakijafika mdomoni, yuwaniambia mbele ya watu: "Gharika ilikuwa ya Nabii Nuhu. Wewe safina yako i wapi?"

SAFINA YAKO I WAPI! Watu wamecheka mpaka muuza kahawa kajimwagia.

Hakukoma. Ati nisiseme wala "nyumba imefurika", kinachofurika ni mto na uji jikoni, nyumba hufurikiwa. Kikoi kimerowa mpaka kiunoni, nami nafundishwa vitenzi! Kwani gharika si Kiarabu, asili yake kuzama? Godoro langu halikuzama? Mwanzo lilielea, sawa, lakini baadaye LILIZAMA.

Safina yangu i wapi. Wallahi silali leo. (Na godoro lenyewe sina.)

Pweza Mkavu: Ila kweli, i wapi?

Kaimati Moto: Mzee hana kosa. Gharika ni El Niño ya 1997. Wewe umevujiwa.

Mwenye uzi: MAGOTINI nimesema!

Kaimati Moto: Inategemea magoti ya nani. Wewe twakujua urefu wako.

Baba Watatu: Afadhali wewe. Mimi nilimwandikia mke wangu, "Leo kazini nimezidiwa." Saa haijapita, shemeji zangu wako langoni na teksi wanipeleke hospitali, mama mkwe keshaanza kulia. Siku hizi naandika "nimelemewa na kazi", na bado huuliza homa imeshuka?

Pweza Mkavu: 😂😂 Kuzidiwa ni kwa mgonjwa, ndugu yangu.

Wa Ng'ambo: Nyinyi na maji yenu. Feri ya Likoni asubuhi imefurika watu, nimekanyagwa kidole mpaka sasa hakivai kiatu. Hiyo yaitwaje?

Kaimati Moto: Jumatatu.

Mwenye uzi: Jamani, uzi huu ni wa mzee!

Wa Ng'ambo: Mzee yupi?

Baba Watatu: Nani ajua wapi mbaazi za nazi saa hii?

Pweza Mkavu: Mbaazi utapata. Shida mahamri, siku hizi kama vifungo vya shati.