Msaada wa tafsiri: "embrace" ya wakulima na mtama niiwekeje?

Kalamu_Nkuhungu: Wakuu, mbukwenyi. Nimepewa andiko la Kiingereza la mradi wa kilimo nilitie Kiswahili, linatakiwa Jumatatu. Neno embrace limenikaba. Mwanzoni mama anamkumbatia mwanawe aliyetoka chuo, hapo sina tabu. Mbele wakulima wa Mvumi, huku kwetu Dodoma, wanahimizwa wa-embrace mtama badala ya mahindi. Mbele tena mradi wenyewe una-embrace wilaya za Chamwino, Bahi na Kongwa. Nikiweka kukumbatia kote je? Litasomwa kwenye mkutano wa kijiji, wasikilizaji wengi wazee.

Zabibu_Chungu: Usithubutu mkuu. Kwenye mikutano yetu kukumbatia kuna sumu. Mtu akisimama akasema mtendaji "anawakumbatia wezi wa mbolea", maana yake anawakingia kifua. Sasa wewe andika mradi unazikumbatia wilaya uone maswali.

Binti_wa_Kikuyu: "Waupokee mtama" si inatosha?

Zabibu_Chungu: Watakuja na magunia wakidhani unagawiwa 😂

Mwl_Mstaafu: Kijana, kwa wilaya andika "mradi unahusisha Chamwino, Bahi na Kongwa". Kuna watakaokushauri "unafumbata". Ni neno zuri, ila liache vyuoni. Kwenye mtama mnasahau jambo. Mgogo alikula ugali wa mtama na uwele kabla mahindi hayajatawala. Mzee wa Mvumi ukimwambia aupokee mtama, atakuuliza umeutoa wapi. Andika "waurudie mtama".

Kalamu_Nkuhungu: Hiyo imekaa! Shikamoo mwalimu. Limebaki moja, kuna mkulima ali-embrace Uislamu.

Mwl_Mstaafu: Marahaba. Alisilimu, basi.

Msafiri_Kondoa: Nyongeza kidogo. Neno embrace limetoka Kifaransa cha kale, bras ni mkono. Ila Mfaransa wa leo akisema embrasser anamaanisha kubusu. Kama andiko lako lilianzia Kifaransa, mkague yule mama wa mwanzo, huenda alimbusu mwanawe.

Binti_wa_Kikuyu: Kijana mzima katoka chuo abusiwe stendi mbele za watu? Mwache akumbatiwe.

Kalamu_Nkuhungu: Lilianzia Kiingereza, nimeuliza. Naweka "waurudie mtama" na "unahusisha". Mwenye andiko akilalamika nitamleta humu.